Somo: Waya umeota weusi, lehemu haishiki

Nililetewa pikipiki, taa ya nyuma haiwaki. Mwenyewe anakaa karibu na bahari na chombo kinalala nje. Nikachuna ganda la waya: shaba nyeusi kama masizi, na penye kiungo kuna unga wa kijani. Ukiweka lehemu pale inajiviringa kidonge na kudondoka. Hapo wengi huongeza moto, kumbe shaba chafu ikizidi kupashwa hewani ndiyo inazidi kuwa nyeusi.

1. Chomoa betri. Kata ncha, chuna ganda sentimita mbili mbili ukifuata shaba inayong'aa. Ukiipata, ungia waya mpya hapohapo, habari ya siki ya hatua ya 2 achana nayo. Ila nyuzi zilizosokotwa hupitisha unyevu chini ya ganda, weusi unaweza kwenda mbali.

2. Waya ni mfupi, hakuna pa kukata? Tawanya nyuzi kama ufagio. Siki nyeupe nusu kikombe, chumvi kijiko cha chai, koroga. Chovya shaba tupu, ganda libaki juu, utikise dakika mbili hadi tano. Itatoka na rangi ya waridi.

3. Hatua hii watu huiruka, halafu wanarudi wakilalamika. Siki na chumvi zikibaki kwenye nyuzi, kijani kitaota tena. Suuza kwa maji yenye kijiko cha soda ya kuokea. Ikitoa mapovu, asidi bado ipo. Kisha maji safi, kisha spiriti. Spiriti ikauke kabisa kabla hujawasha pasi ya lehemu, inashika moto ile.

4. Usiache hadi kesho. Sokota nyuzi, paka pesti ya ulimbo (ile ya kusaidia lehemu kushika), pasi iwe kama nyuzi joto 350. Pasi chini ya waya, lehemu juu yake, iyeyushwe na joto la waya wenyewe. Lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) huanza kuyeyuka kwenye 183, kwa hiyo sekunde chache zinatosha. Ikipenya katikati ya nyuzi kama maji kwenye kitambaa, imeshika.

MASWALI

*Mkuu, msasa si unatosha?*
Kwa waya mmoja mnene, ndiyo, tena haraka kuliko siki. Kwa nyuzi nyembamba utakata nusu yake, na za ndani zitabaki nyeusi vilevile.

*Nina pesti ya fundi bomba, naweza kuitumia?*
Hapana. Nyingi zina kloridi ya zinki. Leo lehemu itashika vizuri sana, baadaye kiungo kinaliwa.

*Fundi, waya wa spika za masikioni nimeuloweka saa nzima, wapi!*
Hiyo si kutu, ni vanishi ya kukinga waya, na siki haiigusi. Weka tone la lehemu kwenye ncha ya pasi, pitisha waya ndani yake taratibu mpaka vanishi iungue. Fungua dirisha, moshi wake mbaya.

*Wangu mweupe, umekuwa wa kijivu.*
Kwaruza kwa wembe. Ukiona shaba chini, umepakwa bati, fuata somo. Ukiwa mweupe hadi katikati ni alumini. Lehemu yetu ya kawaida haiishiki, tafuta kiunganishi cha skrubu kilichoandikwa kuwa ni cha alumini.

*Na ile pikipiki?*
Nilikata kama sentimita nane, nikakuta shaba safi. Siki sikuigusa.