Espreso ikitoka mbio, saga laini zaidi
Kwa wenye mashine ya espreso hapa Kigoma: kikombe kikijaa ndani ya sekunde 12 na kahawa ikawa nyepesi, chachu, usiongeze unga wa kahawa. Saga laini zaidi kidogo tu, gramu 18 zilezile za unga, mpaka upate gramu 36 za kahawa kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Pampu husukuma maji kwa shinikizo la baa 9 hivi. Kahawa iliyosagwa chengachenga huyaacha yapite kabla hayajabeba utamu. Jana kahawa yangu ya Kalinzi, hapa hapa Kigoma, ilianza kushuka nzito kama asali, raha kuitazama! Ikidondoka tone tone na kuwa chungu, umepitiliza, rudi nyuma. Ila kahawa iliyokaangwa miezi mingi nyuma haiokolewi na kusaga: gesi yake imeshatoka, hata povu hupati.