Somo: Kufunga AC ya split nyumbani, na kwa nini gesi yako "inaisha" kila Desemba

Wakuu, salaam.

AC yangu ya kwanza ya split (mashine moja ndani, nyingine nje) ilifungwa kwa saa moja na nusu. Fundi alikuja na drili, ngazi na kijana wa kumshikia, akamaliza, akawasha, ubaridi ukatoka, tukapeana mikono. Mwaka uliofuata joto la Desemba lilipopamba moto ikawa inapuliza upepo tu kama feni. Fundi yule yule akaja na mtungi: "Gesi imeisha, mkuu." Nikalipa. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu nikapanda mwenyewe kutazama ubavu wa mashine ya nje. Nikakuta nati moja imelowa mafuta yaliyoshika vumbi hadi yakawa tope jeusi, nyingine zote kavu. Ilikuwa inavuja pale tangu siku ya kwanza.

Gesi ya AC si petroli. Haiungui wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani na kwenda kulimwaga nje, kisha inarudi. Ikipungua, kuna tundu. Anayeijaza bila kutafuta tundu anakukopesha ubaridi wa miezi michache.

Somo hili si la kumfukuza fundi. Umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, na kama huna pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote kwenye mabomba) na geji ya kupima presha, lipia kazi hiyo. Ila ukizijua hatua, utasimama chini ya ngazi ukijua unachotazama.

Hatua ya kwanza: ukubwa. Kwa joto la Pwani mimi huzidisha mita za mraba kwa BTU 700 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Chumba cha mita 4 kwa 4 ni 16. Mara 700 unapata 11,200, kwa hiyo chukua ya 12,000. Kama ukuta unapigwa na jua la jioni, au juu ni bati bila silingi bodi, panda saizi moja. Usipande mbili. AC kubwa mno inapoza chumba haraka na kujikata kabla haijakausha hewa, unalala kwenye baridi yenye unyevu, shuka zinashika mwili.

Hatua ya pili: mahali. Mashine ya ndani ikae juu, iachiwe kama sentimita 15 kutoka silingi ili ivute hewa, isipulize moja kwa moja kichwani mwa mlalaji, na isiwe juu ya televisheni, maana siku moja itadondosha maji. Ya nje iwe kivulini ikiwezekana, mbele pawe wazi kabisa. Najua wezi wa kopa (mabomba ya shaba) wapo, na kila mtu anataka kizimba. Weka nondo zenye nafasi pana. Nimeona mashine zimefungiwa kwenye boksi la bati zinavuta joto lake zenyewe mchana kutwa.

Hatua ya tatu: sahani na tundu. Sahani ya chuma inayobeba mashine ya ndani ifungwe kwa pimamaji, si kwa jicho. Tundu la ukutani ni la milimita 65 hivi. Anza na biti ndefu nyembamba kuhakikisha hupigi nguzo ya zege wala waya, kisha panua, na tundu lilale kuelekea nje angalau nusu sentimita. Maji hayapandi mlima.

Hatua ya nne: kopa. Hapa ndipo AC nyingi huuawa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine ndogo za BTU 9,000 kwa kawaida hutumia bomba la robo inchi na la 3/8. Ya 12,000 hutegemea mtengenezaji, soma kibandiko. Kunjua rola kwa kuiviringisha sakafuni, usiivute kama kamba. Bomba likikunjamana, kata kipande hicho utupe. Usilinyooshe kwa nyundo. Mabomba yote mawili yavikwe sponji, kila moja peke yake, kwa sababu kwenye split hata lile jembamba hupitisha baridi na kutoa jasho.

Mdomo wa bomba huchanuliwa ili ukae kwenye koni ya shaba na kukazwa na nati. Kata kwa kikata bomba, sio msumeno, maana msumeno huacha unga wa kopa ndani. Inamisha mdomo wa bomba chini, ukwangue ukingo wa ndani ili vijichembe vidondokee nje. Ingiza nati KABLA ya kuchanua. Kila fundi amewahi kuisahau, na asiyekubali anakudanganya. Ukimaliza, tazama mdomo kwenye mwanga: uwe laini kama ukingo wa kikombe, mviringo sawa pande zote, bila ufa wala mkwaruzo. Ukiona mstari hata kama unywele, kata uanze upya. Kipande cha kopa ni rahisi kuliko mtungi wa gesi.

Kaza kwa mkono kwanza mpaka iingie bila kulazimisha, kisha kwa spana mbili, moja ishike, nyingine igeuze. Wenye spana ya kupima nguvu: robo inchi ni kama Nm 15 hadi 18, 3/8 ni kama 34 hadi 42. Spana malaya na hasira hupasua mdomo ule ule uliouchanua kwa uangalifu.

Hatua ya tano: maji. Bomba lake lishuke mwanzo hadi mwisho, lisipande popote, na ncha isizame kwenye ndoo. Mimina lita moja ya maji kwenye trei ya ndani kabla hujafunika chochote. Yakitoka nje yote, endelea.

Hatua ya sita: umeme. Laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa AC ya 12,000, breka kama mwongozo unavyosema, na ethi ya kweli, si waya wa kijani uliokatwa na kufichwa. Ongeza gadi yenye kuchelewesha dakika chache, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa (mota inayosukuma gesi) hulazimika kuwaka ikiwa bado imebanwa na presha.

Hatua ya saba: kupima uvujaji, kisha vakyumu. Jaza naitrojeni kavu kwa presha inayotajwa na mtengenezaji, paka povu la sabuni kwenye kila nati, subiri. Povu likichemka, rudi hatua ya nne. Oksijeni ya wachomeleaji ni marufuku kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa kwa presha, inalipuka.

Kisha pampu. Hewa ya mjini kama Dar imejaa mvuke, na mvuke huo umo ndani ya bomba lako. Pampu haiufyonzi tu. Inashusha presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Ndiyo maana dakika tano hazitoshi. Acha dakika 20 hadi 30, mpaka chini ya maikroni 500 (kipimo cha utupu) kama una kifaa chake, kisha funga valvu za geji, zima pampu, utazame mshale dakika kumi. Ukipanda, kuna tundu au unyevu. Unyevu ukibaki, huchanganyika na mafuta na kutengeneza asidi, ambayo hutafuna koili za kompresa taratibu. Inakufa baada ya mwaka na nusu, fundi ameshabadili namba ya simu.

Hatua ya nane: fungua valvu za mashine ya nje kwa alenki, bomba jembamba kwanza, kisha nene. Rudisha vifuniko vyake, maana navyo huziba. Gesi ya kiwandani kwa kawaida hutosha bomba la mita 5 hivi; zaidi ya hapo unaongeza gramu kwa kila mita kama kibandiko kinavyosema, kwa mizani. Sio kwa kusikiliza mlio.

Maswali ya wanachama

Swali (Tabata): Fundi wangu hana pampu. Anasema anaachia gesi kidogo ya mashine isukume hewa nje, inatosha. Kweli?

Jibu: Inasukuma hewa, mkuu, lakini unyevu ulionata kwenye kuta za bomba unabaki, na umepunguza gesi iliyopimwa kiwandani. Enzi za R22, gesi ya zamani, walizoea hivyo. Mashine za gesi mpya za R410A na R32 zina mafuta yanayonyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Halafu R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo kuiachia chumbani huku mtu anavuta sigara ni kujitakia. Wengine hutumia kompresa ya friji la zamani badala ya pampu. Inavuta kiasi, haifiki inapotakiwa.

Swali (Mwenge): Kaka, yangu inadondosha maji ndani, sakafu inalowa kila usiku. Nibadilishe?

Jibu: Usibadilishe dada. Safisha chujio kwanza, kisha trei na bomba la maji, mara nyingi ni utelezi wa kijani umeziba. Kama ilianza wiki ile ile iliyofungwa, weka pimamaji juu yake: huenda imeinamia upande usio na bomba. Ukiona koili ya ndani imeshika barafu baada ya kusafisha chujio, basi huenda gesi imepungua, na unajua maana yake.

Swali (Njombe): Huku kwetu Juni na Julai ni makoti. AC inatoa joto kweli au ni hita ndogo ndani?

Jibu: Mkuu, ile ya joto na baridi ina valvu inayogeuza mzunguko: inachota joto nje, hata kukiwa na baridi, na kulileta ndani. Kwa uniti moja ya umeme unaweza kupata joto la uniti tatu, jambo ambalo hita ya koili haiwezi. Lakini angalia kabla ya kulipa. Nyingi zinazouzwa Pwani ni za baridi tu, na kwa nje hazitofautiani.

Swali (Mbagala): Luku itanimaliza?

Jibu: AC ya inverta (kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kujikata) ya 12,000 ikifungwa vizuri, weka nyuzi 26 na feni ya dari taratibu, usiku wa saa 8 huwa kama uniti 4 hadi 6. Kama uko kwenye bei ya matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, jua kabisa AC itakutoa humo.

Swali (Zanzibar): Yangu inatazama bahari. Mwaka wa pili mapezi ya nyuma yanamomonyoka kama biskuti.

Jibu: Chumvi hiyo. Ukinunua nyingine tafuta yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, ya buluu au dhahabu. Uliyonayo, zima umeme, uimwagie maji ya kawaida yasiyo na chumvi kila mwezi kwa mpira, presha ndogo. Ukiweza kuihamishia upande wa pili wa nyumba, ihamishe.

Swali (Ubungo): Mimi mpangaji, nahama mwezi ujao. Fundi anasema gesi itapotea, nijiandae kununua upya.

Jibu: Haipotei, inakusanywa. Washa kwenye baridi, nyuzi 16, iache izunguke dakika kumi, geji ikiwa upande wa bomba nene. Funga valvu ya bomba jembamba. Presha itaanza kushuka. Ikikaribia sifuri, funga ya bomba nene na uzime papo hapo, kompresa isivute utupu. Gesi yote sasa imo kwenye mashine ya nje. Fungua nati, ziba midomo ya bomba na valvu kwa tepu kabla ya kushuka ngazi, maana nyigu na wadudu wengine hupenda kuingia mle. Na huko unakohamia, chanua midomo mipya. Ile ya zamani imeshabanwa, huenda isizibe vizuri mara ya pili.