Kijerumani cha Dereva wa Watalii: Anza na Saa, Si na Salamu

Madereva wengi hapa Nakuru wakianza Kijerumani hukariri "Guten Tag, wie geht es Ihnen", yaani habari za mchana, hujambo, na kuishia hapo. Mgeni anatabasamu, anajibu "Gut, danke", nzuri, asante, halafu ni kimya mpaka geti la Lanet la kuingilia hifadhi. Mimi hubeba wageni Ziwa Nakuru na Bogoria, na ushauri wangu kwa kijana anayeingia kazi hii ni kwamba salamu zitakuja zenyewe. Jifunze kwanza saa, hesabu na majina ya wanyama. Mjerumani akishajua mnaondoka saa ngapi, analipa kiasi gani na yule mnyama kwenye majani anaitwaje, ametulia.

Saa zao zina mitego miwili. Wa kwanza umeuzoea tangu shuleni: saa kumi na mbili yetu ya asubuhi ndiyo sechs Uhr, saa sita yao. Wa pili ndio unaoangusha watu. Akikuambia halb sieben, usifikiri ni saba na nusu. Ni nusu ya kuelekea saba, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuna mwenzetu aliambiwa halb sieben akatokea hotelini saa moja na nusu. Alikuta familia nzima imesimama nje, kofia kichwani, darubini shingoni, baba anatazama saa ya mkononi. Hawakumgombeza. Walipanda gari, wakafunga mikanda, na hakuna aliyemsemesha mpaka chakula cha mchana.

Dawa yake ni kurudia saa kama inavyosomwa kwenye ratiba ya treni: "Sechs Uhr dreißig?" Hapo hakuna utata, na wao wenyewe huisema hivyo. Wako wengine, hasa wa mashariki na kusini mwa Ujerumani, watakaokuambia viertel sieben, nao wanamaanisha saa kumi na mbili na robo. Usikisie, toa simu umwonyeshe tarakimu. Na mkikubaliana 6:30, gari liwe mlangoni 6:20, vioo vimefutwa.

Hesabu nazo hutamkwa kinyumenyume. 27 ni siebenundzwanzig, saba na ishirini. Akikusomea namba ya simu, ngoja amalize jozi ndipo uandike. Ukisikia zwo, ni zwei ileile, yaani mbili. Hutamkwa hivyo, hasa kwenye simu, isije ikasikika kama drei, tatu. Kwenye karatasi, 1 yao huwa na mkono mrefu wa mbele hadi unaweza kuiona 7, na 7 yao hukatwa mstari katikati, kwa hiyo chumba 17 kisome mara mbili kabla hujabisha mlango wa watu. Kwenye bei, nukta na koma hubadilishana kazi: kwao 12.000 ni elfu kumi na mbili, na 12,50 ni kumi na mbili na senti hamsini. Mimi siku hizi naandika 12 000, naacha nafasi tu, na hakuna anayeuliza.

Kuhusu der, die na das, vijineno vinavyotangulia nomino kuonyesha ngeli yake, huwa tunalia bure. Wewe unayesema kiti kizuri, miti mizuri, gari zuri bila kufikiri, ngeli tatu zinakushindaje? Tatizo ni kwamba mara nyingi ukilitazama neno lenyewe huioni ngeli yake, kwa hiyo ikariri pamoja na mnyama: der Löwe ni simba, der Büffel nyati, die Giraffe twiga, das Zebra punda milia, das Warzenschwein ngiri. W ni v yetu, z ni ts. Faru ni das Nashorn, na hapo itamke nas-horn, s mbali na h mbali. Kisha kuna faru wawili: Breitmaulnashorn, wa mdomo mpana, ndiye faru mweupe, Spitzmaulnashorn, wa mdomo uliochongoka, ndiye mweusi. Majina yanatisha kwa urefu, lakini yanakupunguzia maelezo. Mgeni akishasikia mdomo mpana, anaelewa upesi kwa nini huyu analisha nyasi chini na yule anachuma majani ya vichaka.

Sarufi ina kona moja ya kukwepa. Ukitaka kusema unaona simba, simba mwenyewe anabadilika: Ich sehe einen Löwen. Ukisema "Da ist ein Löwe", anabaki alivyo. Basi shikilia Da ist, yaani yupo pale. Da ist eine Giraffe. Da ist ein Nashorn. Wakiwa wengi, Da sind. Ongeza links, kushoto, rechts, kulia, na hinter dem Baum, nyuma ya mti, umemaliza. Walimu watanikemea, lakini simba hatangoja utafute einen.

Kinachochanganya watu zaidi ya hayo yote ni ndiyo na hapana. Mgeni anauliza, "Sehen wir heute keine Flamingos?" Hatuoni flamingo leo? Sisi hujibu, "Ndiyo, hatuwaoni." Ukimjibu Ja, ndiyo yao, atabaki anakukodolea macho. Kama hakuna, sema Nein, hapana. Kama wapo, sema Doch, neno la kukanusha "hatuwaoni" yake. Swali hilo utalisikia sana, maana wengi wamekuja na picha za ziwa lililojaa ndege wa waridi, na maji yalipopanda miaka ya 2010 ndege wengi walihamia Bogoria. Weka tayari jibu: "Die meisten sind jetzt am Bogoriasee", wengi sasa wako Ziwa Bogoria. Litafuatwa na "Warum?", kwa nini? Jibu: "Weil das Wasser gestiegen ist", kwa sababu maji yamepanda. Ukianza na weil, kitenzi kinakwenda mwisho wa sentensi.

Adabu si ngumu. Tumia Sie, "wewe" ya heshima, mpaka aliyekuzidi umri akuambie mtumie du, "wewe" ya marafiki. Akisema "Zu schnell", yaani kasi mno, punguza mwendo tu, hajakutukana. Maji, uliza kama anataka ya gesi au ya kawaida: mit au ohne?

Anayetaka viza ya uuguzi au mafunzo ya kazi asinifuate mimi, aende darasani afanye mitihani ya ngazi za lugha za B1 au B2. Wa kazi yangu, Deutsche Welle wana masomo ya bure mtandaoni, na habari zinazosomwa polepole. Sikiliza kwanza taarifa yao ya Kiswahili, kisha ile ya polepole. Habari kubwa zikifanana, nusu ya maana unayo tayari.

Jioni kwenye malipo, akikupa noti akasema "Stimmt so", yaani sawa hivyo, chenji ni yako, usianze kupekua mifuko.