Somo: Kusafisha maji ya bwawa la samaki kwa mafunjo kabla hayajafika mtoni

Wafugaji wa kamba wa pwani wamefunzwa kwa hasara kwamba maji machafu ya shamba moja ndiyo maji ya kuingiza ya shamba la jirani. Kwetu Uganda hakuna bahari, lakini kijito kinachopita kwenye mabwawa matatu ya ngege (tilapia) na kambare kina shida ileile. Kanuni ya kazi ni moja: toa kinyesi na mabaki ya chakula kwanza, kisha wape mimea na bakteria kilichoyeyuka. Ukigeuza mpangilio huo, kitalu cha mafunjo kinazibwa na tope.

Vipimo hivi ni vya bwawa la mita za mraba 500, kina mita 1 (lita 500,000), linalobadilishwa maji asilimia 5 kwa siku, yaani lita 25,000.

1. Toa maji chini, si juu. Uchafu uko sakafuni. Simamisha bomba la kutolea maji la inchi 4 kama kawaida, kisha livishe bomba la inchi 6 lililo refu kuliko kina cha maji na lenye matundu sehemu ya chini tu. Maji yatavutwa kutoka chini bila kina cha bwawa kubadilika. Matundu yawe madogo kuliko samaki wako.

2. Chimba shimo la kutuamisha, mita 6 kwa 5, kina mita 1. Maji yanakaa humo karibu siku nzima. Weka bati au mbao kukingama mbele ya mdomo wa bomba, la sivyo maji yanapita moja kwa moja kama mferejini na tope halitui. Tope likifika theluthi ya kina, lizoe upeleke kwenye migomba.

3. Kitalu cha mafunjo: mita 5 kwa 40, maji ya sentimita 30. Kwa hesabu kavu mita za mraba 167 zinatosha kuyashika maji siku 2, lakini mashina na mizizi vinachukua nafasi, kwa hiyo chukua 200. Sakafu ipigwe udongo wa mfinyanzi na iwe sawa. Pima kwa mpira mwangavu wenye maji. Upande ukiinama sentimita chache tu, maji yote yanafuata upande huo na nusu ya mafunjo yako ni pambo.

4. Panda vipande vya mizizi minene vyenye chipukizi, kimoja kila mita ya mraba, kama 200 hivi. Maji yawe sentimita 5 hadi 10 mpaka machipukizi yasimame. Ukijaza mapema yanaoza.

5. Kata kwa zamu, theluthi moja ya kitalu kila mara, na mabua yatoke nje: mikeka, matandazo, paa. Yakioza humo humo, yanarudisha naitrojeni na fosforasi ulizokuwa unaziondoa.

Wakati wa kuvua, hatari iko kwenye asilimia 20 ya mwisho, maana ndiyo yenye tope lililotibuliwa na nyavu. Toa samaki wote, acha maji hayo yatulie bwawani siku 2 hadi 3, kisha yapitishe kwenye mfumo lita 25,000 kwa siku.

Kupima hakuhitaji maabara. Chota chupa ya lita moja kwenye mdomo wa kutokea, iache saa moja. Ukiona utando wa tope chini, shimo la hatua ya 2 limejaa.

MASWALI

Wa Masaka: Nina ardhi chepechepe yenye mafunjo ya asili kando ya mto. Si niyaelekeze maji humo tu?

Hapana, ndugu. Chepechepe inalindwa na sheria, na kazi ndani yake inahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda pia kingo: mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria, na mita 30 kwa mito mingi, mikubwa 100. Chimba kitalu chako nje ya hapo.

Wa Jinja: Gugu maji ni la bure. Kwa nini nisilitumie?

Linasafisha kweli, hilo hatubishi. Lakini mvua moja kubwa inalipeleka ziwani, na Victoria lilikwisha kuteseka nalo miaka ya 1990.

Wa Lugazi: Wafugaji wa kamba wanamwaga molasi bwawani. Nifanye hivyo kwa ngege?

Sukari ya molasi inawapa bakteria kaboni, nao wanakula amonia, taka yenye naitrojeni inayotoka kwa samaki. Kipimo kinachotumika ni karibu gramu 20 za sukari kwa gramu 1 ya naitrojeni ya amonia. Lakini bakteria hao wanavuta oksijeni usiku na mchana. Bila mashine ya hewa isiyozimika, dada, utaamka ngege wanaelea. Kambare huvuta hewa juu, kwa hiyo atavumilia zaidi. Usimtumie kupima ubora wa maji.

Wa Mukono: Amonia imepanda, niweke chokaa?

Pima pH kwanza, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji. Maji yakiwa nyuzi 25, pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Chokaa iliyochomwa inaweza kukufikisha huko kwa saa chache samaki wakiwa ndani. Punguza chakula siku 2, ongeza maji mapya, na ukihitaji chokaa tumia ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa.