Kabla ya kuikimbia theluji, funga maji

Kama uko dirishani unatazama dhoruba ya theluji, na sanduku lako limeshajaa nguo za ufukweni, inuka kwanza ukafunge koki kuu ya maji. Kisha fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa ndani ya nyumba ili maji yaliyobaki yatoke, halafu vuta maji ya choo mara moja. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hata bomba la shaba hupasuka. Hasara yenyewe huja barafu ikishayeyuka: maji yanamwagika mchana na usiku, nawe uko mbali juani, huna habari.

Joto la nyumba usilizime. Najua inauma kulipia joto la nyumba isiyo na mtu, lakini lipunguze tu, lisishuke chini ya nyuzi 13 za Selsiasi. Acha wazi milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto la nyumba liyafikie mabomba, maana yaliyo kwenye ukuta wa nje ndiyo huganda mapema. (Kama nyumba yako hupashwa joto kwa maji ya moto, muulize fundi kabla ya kufunga koki.)

Kuhusu ndege, dhoruba ikishatangazwa mashirika mengi huruhusu kubadili tarehe bila malipo. Badili mapema, kabla safari haijafutwa na viti kuisha.

Koti zito livae au libebe mkononi. Siku ya kurudi utalihitaji mlangoni pa uwanja wa ndege.