Namna ya Kutazama Kazi za Margaret Rutherford

Anayetaka kuifahamu kazi ya Margaret Rutherford, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa London mwaka 1892 na kufariki mwaka 1972, hukutana na ugumu mmoja tangu mwanzo, nao ni kwamba katika sehemu kubwa ya filamu zake yeye si mhusika mkuu. Huingia, husema maneno machache, hutoka, na mtazamaji aliyezoea kumfuata stelingi peke yake hupitwa na mambo mengi. Kwa sababu hiyo sikushauri uzitazame filamu zake kwa kufuata miaka.

Anza na The Importance of Being Earnest ya mwaka 1952, iliyotokana na tamthilia ya Oscar Wilde. Itazame yote mara moja, kisha rudi mwishoni, pale Miss Prism, mwalimu wa nyumbani, anapokabidhiwa mkoba ambao miaka 28 iliyopita alimsahau mtoto mchanga ndani yake na kuuacha katika kituo cha treni cha Victoria. Watu wote chumbani wanasubiri habari za mtoto, lakini yeye anaukagua mkoba: hapa pana jeraha la ajali ya basi, hapa pana doa la kinywaji kilichofumuka safarini, na kwenye kufuli zipo herufi za jina lake. Akisharidhika, anafurahi kwamba mali yake imerudi, kwani kuukosa mkoba miaka yote hiyo kumemtaabisha. Rudia kipande hicho ukiwa umezima sauti, uangalie macho na vidole vyake tu. Hutaona hata mara moja akiomba kuchekwa. Huyu ni mwanamke mwenye shughuli ya kweli, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ufunguo wa kazi yake yote.

Ukishaupata ufunguo huo, geukia jukwaa. Maonesho yake ya ukumbini hatuwezi kuyaona tena, lakini baadhi ya nafasi alizozicheza jukwaani alizirudia mbele ya kamera, na hizo ndizo za kutafuta. Miss Prism alikwisha kumwigiza London mwaka 1939 katika kundi la mwigizaji John Gielgud. Tamthilia hiyo ilipopelekwa New York mwaka 1947, akapewa nafasi ya Lady Bracknell, yule bibi mkali anayewahoji wachumba. Katika filamu nafasi hiyo ni ya Edith Evans. Zoezi zuri ni kuyasoma maneno ya Lady Bracknell kwa sauti huku ukijaribu kuyasikia yakitoka kinywani mwa Rutherford; utagundua ni mambo mangapi yanabadilika bila neno hata moja kubadilishwa.

Nafasi ya pili ya aina hiyo ni Madame Arcati wa Blithe Spirit, tamthilia ya Noël Coward iliyooneshwa London mwaka 1941, wakati wa vita, na kufanywa filamu na David Lean mwaka 1945. Arcati ni mwita mizimu anayefika kwa baiskeli. Inasimuliwa kwamba Rutherford alisita kuikubali nafasi hiyo kwa kuwa hakutaka kuwadhihaki watu wenye imani hizo, na ukimtazama akijiandaa kuita roho utaamini, maana anafanya kazi yake kama fundi anayejua zana zake. Sikiliza pia matamshi. Kabla ya kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Old Vic mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 33, alikuwa akifundisha piano na usemaji, na kila konsonanti yake inafika ilikokusudiwa.

Baada ya hapo ndipo uzitazame filamu nne za Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, zilizotoka kati ya 1961 na 1964. Wasomaji wengi wa riwaya hizo hulalamika kwamba huyu si kikongwe mtulivu wa vitabuni, na ni kweli: anacheza dansi ya twist, na katika Murder Ahoy, mojawapo ya filamu hizo, anapigana kwa upanga, naye ana umri wa zaidi ya miaka 70. Usimlinganishe na kitabu. Mlinganishe na Arcati. Bw. Stringer, mzee mpole anayemsaidia, ni mumewe halisi, Stringer Davis. Katika filamu ya kwanza mtafute pia Joan Hickson, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Miss Marple wa televisheni.

The V.I.P.s ya mwaka 1963, iliyompa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, itazame kwa ajili yake zaidi kuliko kwa ajili ya mastaa waliomzunguka.

Chimes at Midnight ya Orson Welles, ya mwaka 1965, iweke iwe ya mwisho. Humo yeye ni Mistress Quickly, mwenye nyumba ya wageni, anayesimulia jinsi Falstaff, yule mzee mnene mpenda anasa wa tamthilia za Shakespeare, alivyokata roho: alimgusa miguu, kisha magoti, kisha akapanda juu zaidi, na kote kulikuwa baridi kama jiwe. Usizime sauti hapa. Ni uzito uleule aliouweka juu ya mkoba wa Miss Prism, na safari hii hakuna anayecheka.