Bosi akisema kesi yako ya ulemavu iende abitresheni, usikimbie wala usisaini, soma hii kwanza

Binamu yangu alikuwa klaki wa stoo kwa godauni moja upande wa Shimanzi, Mombasa. Kidonda cha sukari kikamla mguu wa kulia mpaka ukakatwa, akakaa nyumbani, akapona, akarudi kazini na magongo yake mawili. Wiki mbili hazijaisha meza yake ikahamishwa ghorofa ya tatu, na ile nyumba haina lifti. Akiomba arudishwe chini aambiwa ngoja, ngoja, kisha siku moja akapewa barua ati hawezi tena kutekeleza majukumu yake. Akaenda kortini. Sasa siku ya kesi kutajwa loya wa kampuni akasimama akasema hii korti haina shughuli hapa, tazameni kontrakti ukurasa wa saba kipengele cha kumi na nane, mizozo yote yaenda kwa abitresheni. Binamu akanigeukia akaninong'oneza, "Kwani hii nilisaini lini?"

Alisaini. Sote twasaini. Watu wapewa karatasi kumi na mbili saa mbili asubuhi, kalamu iko mezani, na nje kuna foleni ya wengine wanaoitaka hiyo hiyo kazi, nani ataanza kusoma kipengele cha kumi na nane?

Mimi si wakili, nimekuwa karani kwa ofisi ya mawakili hapa mjini miaka kadhaa, kazi yangu ni kupeleka mafaili na kusoma karatasi ambazo wengine hawana subira nazo. Kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyeona, kisha tafuta loya wako.

Kwanza elewa wanaomba nini. Abitresheni si upatanishi. Upatanishi ni mnakaa na mtu anawasaidia mkubaliane, msipokubaliana kila mtu arudi zake na kesi iko pale pale. Abitresheni ni mnamchagua mtu binafsi, mara nyingi loya mkubwa au jaji mstaafu, mnamlipa, anasikiza pande zote mbili halafu anatoa uamuzi ambao unawafunga kama hukumu. Sheria yake hapa Kenya ni ile Sheria ya Abitresheni ya 1995, na kipengele cha 6 ndicho silaha ya bosi: kinasema kama kuna makubaliano ya abitresheni na upande mmoja umeomba, korti inasimamisha kesi na kuwapeleka huko. Inasimamisha, haifuti. Na ombi likishawekwa kesi yasimama hapo hapo mpaka ombi liamuliwe, usishangae ukiona mambo yamelala.

Lakini hicho hicho kipengele cha 6 kina mlango ambao watu wengi hawauoni, nao ni wa muda. Yule anayetaka abitresheni lazima aombe kabla hajachelewa, yaani mwisho wake ni wakati ule anapoweka memo ya apiarensi (karatasi ya kuiambia korti amefika kwenye kesi) au anapolitambua dai kwa njia nyingine yoyote. Akishajibu dai lako, amekana hili amekiri lile, kisha wiki tatu baadae ndo akumbuke kuna kipengele cha kumi na nane, amechelewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa, kabla hujalia kabla hujagombana na mtu, ni kuchukua karatasi zote za upande wa pili na kuandika tarehe pembeni kwa kalamu nyekundu: apiarensi tarehe gani, jibu tarehe gani, ombi la kusimamisha tarehe gani. Siku hizi mambo yapo kwa mtandao wa korti, kila faili iko na tarehe na saa yake, hakuna mtu wa kukudanganya. Mimi nimeona kesi nyingi zaidi zikiokolewa na hizo tarehe tatu peke yake kuliko na hotuba zote za haki za binadamu.

Baada ya tarehe, rudi kwa kontrakti yenyewe. Soma ile sentensi ya abitresheni polepole, neno kwa neno. Inasema mizozo "itapelekwa" au "inaweza kupelekwa"? Hilo la pili lina nafasi ya kubishana. Inasema mzozo "kuhusu tafsiri ya mkataba huu" peke yake, au "mzozo wowote unaotokana na ajira"? Kama ni tafsiri ya mkataba, wewe hubishani tafsiri, wewe walalamika umebaguliwa, na ubaguzi umekatazwa na sheria si na kontrakti. Na je, iko kwenye kontrakti kweli au iko kwenye kile kitabu cha sheria za kampuni ambacho hukuwahi kukisaini? Makubaliano ya abitresheni lazima yawe ya maandishi, na kitabu kinachokaa kabatini kwa eichaa, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, hakikufungi hivi hivi tu. Angalia pia nani anamchagua abitreta. Kontrakti nyingi za hapa zinasema mkishindwa kukubaliana atachaguliwa na mwenyekiti wa tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators, hiyo ni sawa. Lakini ukikuta imeandikwa atachaguliwa na mkurugenzi wa kampuni, hapo sema kwa sauti, manake huyo ni mchezaji anayejichagulia refa.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu yawahusu watu wenye ulemavu hasa. Sheria ya Ajira ya 2007, kipengele cha 9, inasema kama mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha ya kontrakti au hayaelewi yaliyomo, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Sasa fikiria mtu asiyeona aliyeshikwa mkono akaonyeshwa pa kutia sahihi, au kiziwi aliyewekewa karatasi ya Kizungu na hakuna mkalimani wa lugha ya ishara. Alielezwa? Na nani? Kama ndo wewe, usiandike tu "sikuelewa" kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, hiyo yasemwa na kila mtu na majaji wamechoka nayo. Andika kilichotokea: siku gani, ofisi gani, nani alikuwepo, dakika ngapi, uliuliza nini ukajibiwa nini, nakala ya kontrakti ulipewa au hukupewa.

Hati ya kiapo ya kupinga ombi lao ndo mahali utashinda au utashindwa, kwa hiyo iandikwe vizuri. Korti inaweza kukataa kusimamisha kesi kama makubaliano ni batili, au hayafanyi kazi, au hayawezi kutekelezwa. Hapo kwa "hayawezi kutekelezwa" ndo panaingia pesa. Abitreta analipwa, ukumbi unalipiwa, na wewe umefutwa kazi huna peyslip. Ambatanisha stetimenti ya benki, risiti za hospitali, barua ya landlodi kama anakudai, uonyeshe kwa hesabu si kwa machozi. Katiba kifungu cha 48 inasema ada isizuie mtu kupata haki, na cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda kortini akidai haki zake zimevunjwa, na cha 27 ndo kinakataza ubaguzi, ulemavu umetajwa kwa jina, na si serikali peke yake inayofungwa bali hata mtu binafsi na kampuni. Ongeza Sheria ya Ajira kipengele cha 3, inayosema masharti ya hiyo sheria ndo ya chini kabisa na makubaliano yoyote ya kuyaachilia ni bure.

Nisikudanganye lakini. Loya wao atajibu na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 159, ambacho kinaiambia korti iendeleze upatanishi na usuluhishi (ndo hii abitresheni) na njia nyingine za kumaliza mizozo nje ya korti. Na kama kontrakti iko wazi, umesaini, na wao wameomba kwa wakati, uwezekano wa kupelekwa huko ni mkubwa. Wala si kifo.

Ukipelekwa, kosa kubwa ni kulala. Watu wengi wasikia "kesi imesimamishwa" wakaenda nyumbani wakangoja kuitwa, bosi naye hana haraka, kwa nini awe na haraka? Mwaka wapita. Kumbuka madai ya ajira yana muda wa miaka mitatu kufunguliwa, na kama ubaguzi ulikuwa unaendelea na kuendelea basi hesabu ni miezi kumi na miwili tangu ulipokoma, na kuna mabishano mengi hapo katikati usiyoyataka. Wiki hiyo hiyo ya uamuzi andika barua kwa loya wao, tumia imeli ili tarehe ibaki, kitu kama hiki (msuluhishi ndo abitreta):

"Kufuatia amri ya korti, napendekeza majina haya matatu ya wasuluhishi. Naomba jibu lenu ndani ya siku kumi na nne. Mkikosa kujibu nitaomba uteuzi ufanywe kama kipengele cha 18 cha mkataba kinavyosema. Kwa sababu ya ulemavu wangu naomba kikao kiwe mahali pasipo ngazi, na gharama za msuluhishi zibebwe na mwajiri."

Hilo la mwisho omba tu, kuomba hakulipiwi. Kuna waajiri hukubali kwa sababu wao ndo walioitaka hiyo abitresheni, na ukisema kwa maandishi kwamba umeshindwa kulipa nao wamekataa, hiyo imeli yaweza kukusaidia ukirudi kortini kusema haiwezi kutekelezeka. Kiziwi aombe mkalimani kwenye barua ya kwanza kabisa, asingoje siku ya kikao.

Ndani ya kikao usikubali kubebeshwa mzigo usio wako. Sheria ya Ajira kipengele cha 5 inasema katika shauri la ubaguzi mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea kama ulivyodai, na kipengele cha 46 kinasema wazi ulemavu si sababu halali ya kumfuta mtu. Mkumbushe abitreta siku ya kwanza, kwa maandishi. Halafu ushahidi: Binamu alikuwa na picha za zile ngazi, nilimwambia azihesabu, zilikuwa arobaini na nne, na meseji za WhatsApp za kuomba arudishwe chini, na barua ya daktari iliyosema anaweza kufanya kazi ya kukaa. Chukua skrinishoti zikiwa na tarehe na jina, usikate juu. Na kadi yako ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kama unayo iweke nakala.

Uamuzi wa abitreta ukikuumiza, rufaa kama za korti usizitegemee. Una miezi mitatu ya kuomba ufutwe, na sababu ni chache: hukupewa notisi, alivuka mipaka ya alichopewa, kulikuwa na hongo au udanganyifu, unakwenda kinyume na maslahi ya umma, mambo kama hayo. "Alikosea kupima ushahidi" haimo.

Jambo jingine, vijana wengi hapa siku hizi wafanya kazi za mtandaoni za Wamarekani halafu wasoma mambo ya huko wakidhani ni ya hapa. Huko kuna sheria ya abitresheni ya 1925, ya ulemavu ni ya 1990, na Mahakama ya Juu yao tangu 2001 imekubali kontrakti za kazi zenye abitresheni zifuatwe, isipokuwa kwa watu wa uchukuzi. Sheria yao ya 2022 ya kuzuia abitresheni ya lazima ni ya unyanyasaji wa kingono tu, ulemavu haumo. Lakini kesi moja yao ya 2002, EEOC (tume ya serikali yao inayopinga ubaguzi kazini) dhidi ya mikahawa ya Waffle House, ina funzo: mpishi alifutwa baada ya kushikwa na kifafa kazini, kontrakti ilisema abitresheni, korti ikasema ile tume ya serikali haikusaini hiyo kontrakti kwa hiyo haifungwi nayo. Na sisi pia tuna taasisi ambazo hazikusaini kontrakti yako. Afisa wa leba, Baraza la Watu Wenye Ulemavu, Tume ya Haki za Binadamu, hakuna kipengele cha kumi na nane kinachokuzuia kwenda kuwaambia.

Na kama ulemavu wenyewe uliupata kazini, umeangukiwa na mzigo au mashine imekukata, ile fidia ya kuumia ina njia yake kwa Mkurugenzi wa Usalama Kazini chini ya sheria nyingine ya 2007, ile ya fidia ya kuumia kazini, usiichanganye na hii ya ubaguzi ukapoteza zote mbili.

Sasa Binamu. Tulipoweka zile tarehe pembeni tukakuta kampuni ilijibu dai lake lote, kurasa tisa, siku kumi na tisa kabla ya kuomba abitresheni. Loya wao alisema ni kupitiwa tu. Jaji akamuuliza kama kupitiwa kumo kwenye kipengele cha 6, akakosa jibu, ombi likakataliwa na kampuni ikabebeshwa gharama. Kesi itatajwa tena mwezi ujao, na safari hii Binamu ameandika barua mapema kuomba isikizwe kwa chumba cha chini.